Maswali ya wasomaji: Laptop kwenye boti, ramani nipate wapi?

SWALI: Ugonile kaka. Nimepata kiboti cha faiba futi 18, cha kutembeza familia tu wikiendi pale Matema, sio cha biashara. Sasa jamaa yangu anang'ang'ania nifunge laptop yenye programu ya ramani za majini, mwingine anasema simu inatosha. Nishike lipi? Na bando je, kule ziwani si itakuwa shida? Ndaga fijo. (Msomaji, Kyela)

JIBU: Hongera kwa boti kaka, siku ukikosa abiria unajua pa kunipata. Tuanze na bando maana hilo linachanganya wengi: GPS haili bando, simu inanasa setilaiti yenyewe, ila ramani zishushe kabisa ukiwa bado nyumbani.

Programu sio tatizo. OpenCPN ni ya bure kwenye laptop, iwe Windows, Mac au Linux, kwenye Android ndo unalipia kidogo, unachomeka kale ka-GPS ka USB na boti lako linatokea kwenye skrini. Sasa hapo ndo watu wanakwama, ukiifungua unakuta mchoro wa dunia tu basi, maana ni kama redio bila stesheni, ramani unaitafuta mwenyewe. Zile za bure za NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, ni za maji ya kwao, Nyasa hazifiki. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia kununua ramani, mwambie muuzaji akuzumie Matema na mdomo wa mto Kiwira uone kama kuna namba za kina, ukikuta bluu tupu achana nayo, hiyo umeuziwa rangi.

Halafu angalia imechorwa lini. Zilizochorwa kabla ya GPS zinaweza kuhama pembeni kidogo. Mimi niliwahi kwenda Ikombe kwa boti la watu, skrini ikawa inaonyesha tuko nchi kavu tunapanda milima ya Livingstone, mzee aliyeshika usukani akachungulia akasema "ongeza moto basi, mlima mkali huu". Tulicheka ila usiku usingecheka. Na hata ramani nzuri haijui mchanga uliosukumwa na mto masika hii, hapo mwulize mvuvi, na ukipata hela funga kipima kina. Upande wa Livingstone ni kinyume, kina kinashuka ghafla, nanga unaweza ukashusha kamba yote isiguse kitu, ziwa hili lina sehemu zinafika karibu mita 700.

Kwa boti lako mimi ningeacha laptop nyumbani, iwe ya kupangia safari. Jua la saa sita huoni kitu kwenye skrini yake, na wimbi moja tu la upepo wa mwera limekwisha kazi. Chukua simu au tableti, pawabanki, na ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni. Beba na kitambaa kikavu, tachi ikiloa inabonyeza vitu vyake yenyewe.