Shangazi, niwaambieje wateja wangu habari za Mungu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina kibanda sokoni mwaka wa nne sasa. Kanisani kila mtu kapewa vipeperushi 50 vya upendo wa Mungu tugawie watu tunaokutana nao kila siku, mi nimegawa kama 20 tu, na juzi nanunua karanga kwa jirani nakuta kafungia kipeperushi changu, jamani nilitamani kulia. Kuongea ndo siwezi kabisa, nikianza tu mdomo unakauka, halafu wateja wangu wengi Waislamu sitaki waone nawasumbua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye karanga nimecheka, nisamehe, ila we unajuaje, labda aliyezila kakisoma.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 9 kuanzia mstari wa 36, kuna mshonaji mwenzio pale. Anaitwa Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi, maana yake paa, yule mnyama (mi utotoni nilijua ni la bati). Alikuwa anakaa Yafa, alipofariki wakatuma watu wakamwite Petro kule Lida, sio mbali, na Petro alipopandishwa chumbani wale wajane wakamzunguka wanalia, wanamwonyesha kanzu na nguo alizoshona Dorkasi alipokuwa hai. Nguo mwanangu! Kwenye Biblia nzima hakuna hata neno moja lililoandikwa kwamba Dorkasi alilisema, lakini wajane wale walijua kabisa wamependwa.

Sasa nikuulize na usinikasirikie, hapo kibandani zimening'inia nguo ngapi ambazo tarehe yake imeshapita? Maana mafundi tunawajua. Njoo kesho, ukienda eti umeme ulikatika, na cherehani yenyewe ya kukanyaga, sasa umeme unaingiaje hapo? Mtu umechukua kianzio chake tangu mwezi jana, harusi Jumamosi, kitenge bado hakijakatwa, halafu unampa karatasi imeandikwa Mungu anakupenda, ataisoma kwa jicho gani? Na vile vipande vinavyobaki, mrudishie mwenyewe hata kama hajauliza, wengi hawajawahi kurudishiwa na fundi yeyote, atashangaa mpaka akuulize we fundi wa wapi.

Akikuuliza ndo unaongea. Petro kwenye waraka wake wa kwanza 3:15 anasema tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole, watu wengi upole wanauruka. Na jibu lisiwe refu, yule kipofu wa Yohana 9 alibanwa maswali na wakubwa wa dini akawaambia jambo moja tu analojua, alikuwa kipofu na sasa anaona. Na wewe unalo lako, lile unalolijua mwenyewe sio la mchungaji, labda ulivyolala njaa na watoto halafu Mungu akakuonekania, liseme kwa Kiswahili chako cha sokoni huku unapiga pasi, mkono ukiwa na kazi mdomo haukauki sana.

Kuhusu Waislamu, usianze kulinganisha dini, hapo mtabishana mpaka magharibi na nguo haijaisha. Mwenzio kila akianza jambo lake anamtaja Mungu mwenye rehema, kwa hiyo rehema sio habari ngeni kwake. Akifiwa nenda ukakae mkekani na wenzio, akikuambia mtoto anaumwa muulize nikuombee? akikataa basi, kesho unamuulizia mtoto kaamkaje.

Vile vipeperushi 30 vilivyobaki viweke pembeni ya kioo, anayetaka atachukua. Na yule wa harusi ya Jumamosi mpigie leo leo.