Kabla Hujakimbilia .375: Maneno Yangu Kuhusu 9.3 na Ndugu Zake

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kutoka Itigi. Nafupisha ujumbe wake: "Shikamoo mzee. Julai naanza kazi kama msaidizi wa mwindaji bingwa. Kuna mtu anauza Mauser ya zamani ya 9.3 kwa bei nzuri, ila wenzangu wananiambia hiyo ni bunduki ya makumbusho, nitafute .375, au basi .338. Unanishauri nini?"

Marahaba, mwanangu. Kwa asiyejua, namba hizo ni unene wa kichwa cha risasi: 9.3 kwa milimita, .375 na .338 kwa inchi. Hayo maneno ya makumbusho nayafahamu vizuri, kwa sababu nami niliwahi kupigwa nayo.

Nilipoanza kazi porini, stoo ya kampuni ilikuwa na bunduki ambayo hakuna aliyeitaka. Mauser, kitako kimekwaruzika, mtutu wa 9.3×62. Wakubwa walikuwa na .375, .416, na mmoja alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya .470 aliyokuwa akiifuta kila jioni mbele ya wageni. Mimi mgeni wa kazi nikapewa iliyobaki. Usiku mmoja mezani, mwindaji mmoja wa zamani akawaambia wageni, akininyooshea kidole: "Huyu tumempa fimbo ya kuchungia mbuzi." Wageni wakacheka. Wapishi nao wakacheka, na hao ndio walioniuma zaidi, maana walikuwa watu wa kwetu. Sikujibu kitu. Nilikula ugali wangu, kesho yake nikaamka kabla ya alfajiri nikaipiga msasa bunduki ile kitako chote. Jina la yule bwana silitaji. Ila kama anasoma hapa, ajue kwamba nakumbuka hata shati alilovaa.

Sasa tuje kwenye hiyo fimbo ya mbuzi.

Risasi ya 9.3×62 ilibuniwa na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905. Kumbuka mwaka huo hapa kwetu palikuwa na nani. Walowezi wa Kijerumani na wenzao katika makoloni ya Afrika walikuwa na bunduki za Mauser zilizowatosha kwa swala, lakini zilizowapa wasiwasi mbele ya mbogo. Bunduki za mitutu miwili kutoka Uingereza zilikuwa na bei ya kumfilisi mkulima. Bock akaichukua Mauser 98 ya kawaida, ile yenye mwili wa ukubwa wa bunduki ya jeshi, akauliza ni risasi kubwa kiasi gani inaweza kuingia humo bila kuchonga chuma. Jibu likawa ganda la milimita 62 lenye kichwa cha greini 285, yaani karibu gramu 18.5. Ikauzwa kwa bei ambayo mtu wa shamba aliimudu. Ikaingia Tanganyika na ikabaki, hata Wajerumani wenyewe walipoondoka.

.375 ya Holland & Holland ilikuja mwaka 1912. Ni risasi nzuri kupindukia na sitaki mtu aseme nimeitukana. Lakini ganda lake ni refu, linadai bunduki yenye mwili mrefu, na mwili mrefu ulikuwa ghali tangu siku ya kwanza. Ikapata jina. Nchi zilipoanza kuandika sheria za viwango, nyingi zikaichukua kuwa mstari wa chini kwa wanyama wakubwa. Hapo ndipo 9.3 ilipopotea machoni pa watu, kwa tofauti ya elfu chache za inchi: kichwa cha 9.3 kina kipenyo cha inchi .366.

Angalia hesabu yenyewe. Wanaojua risasi hupima uzito wa kichwa dhidi ya unene wake, kwa sababu hicho husaidia kuamua kichwa kitapenya kiasi gani kikikutana na mfupa. Kichwa cha 9.3 cha greini 286 kinapata 0.305. Kichwa cha .375 cha greini 300 kinapata 0.305. Hakuna tofauti. Kinachotofautiana ni mwendo: .375 inatoka mtutuni kwa mita 770 hivi kwa sekunde, 9.3 kwa mita 720 hivi. Kwa nishati, .375 ina zaidi ya joule 5,700 na 9.3 iko karibu na 4,800. Huo upungufu ndio unaolipunguzia bega lako teke. Na kwa kuwa ganda la 9.3 ni jembamba, kasha la bunduki hubeba risasi tano, wakati .375 nyingi hubeba tatu au nne.

Mwenzangu mmoja akiona hesabu hizi hunijibu, "Pofu hasomi hesabu." Sawa. Basi tumzungumzie pofu, yule mnyama mkubwa wa porini.

Msimu uliopita, Rungwa, tulikuwa na wageni wawili kambini. Mmoja alitoka Sweden, mtu mkimya, amebeba 9.3 ile ile anayowindia moose, mnyama mkubwa wa misitu ya kwao. Mwingine alitoka Texas na bunduki ya .30 ya mwendo mkali, darubini kubwa, na vichwa vyepesi vya risasi ambavyo kwa maelezo yake vilikuwa vinapiga mita 400 bila kushuka. Nilimwambia kwa heshima kwamba miombo yetu haina mita 400. Ukiona mita 150 bila mti katikati, shukuru Mungu. Akatabasamu tu.

Siku yake ya kongoni alimpiga dume begani, pembeni, si mbali. Kichwa kile kilipasuka juu ya mfupa wa bega. Kongoni akaondoka na miguu mitatu. Sina haja ya kusimulia jinsi tulivyofuata majeruhi mchana kutwa na mbung'o shingoni. Kila aliyefanya kazi hii anajua, na asiyeifanya hataelewa. Tulimpata jua likiwa limeinama. Jeraha la nje lilikuwa pana, ndani halikufika popote.

Mswidi zamu yake ilikuwa pofu. Mfuata nyayo wetu, Mnyamwezi mtu mzima, alishika nyayo za kundi kwenye mbuga yenye majani yaliyoungua, tukaingia nazo miombo. Pofu ni mnyama wa ajabu: ni mkubwa kuliko ng'ombe wengi wa kwetu, dume hufika kilo 700 na kupita, lakini huruka kichaka kama hana uzito, na akishtuka huenda mwendo wa kutembea asubuhi mpaka jioni bila kusimama. Kwa hiyo ukikosea mara moja, siku imekwisha. Tulisimama kusikiliza. Dume zee la pofu likitembea, magoti yake hulia, tap, tap, na siku isiyo na upepo husikika. Mzee akainua kidole. Tap. Tap. Kisha tukaliona bega, rangi ya majivu, kati ya miti miwili, mita 80 hivi.

Nikaweka vijiti vya kulengea. Yule bwana hakuharakisha. Alipofyatua, pofu aliinama mbele, akakimbia kidogo, akaenda chini kabla hatujamaliza kutoka kwenye vijiti. Mchunaji alikikuta kichwa cha risasi chini ya ngozi ya upande wa pili. Kilikuwa kimevunja bega, kimepita mapafu yote mawili, mbele kimetanuka na nyuma kizima. Mswidi akanipa nikiweke. Bwana wa Texas alikishika, akakigeuza, akaniuliza risasi hizo zinauzwa wapi. Nilijibu kwa adabu. Moyoni nilikuwa mezani kwenye ule usiku wa fimbo ya mbuzi, na safari hii anayecheka ni mimi.

Baada ya kurudi kwao, Mswidi aliniandikia barua pepe kwamba sijawahi kumpa maneno mengi kuliko aliyohitaji. Hiyo nimeitunza.

Sasa, 9.3 haiko peke yake. Kuna .35 Whelen, ambayo Wamarekani waliitengeneza mwaka 1922 kwa kupanua shingo ya ganda la .30-06. Inaitwa kwa jina la Kanali Townsend Whelen, na ilibaki risasi ya mafundi mpaka Remington ilipoanza kuiuza rasmi mwaka 1988. Kichwa cha greini 250 kwa mita 730 hivi kwa sekunde, joule 4,300 na kitu. Nimeiona ikiangusha palahala na kuro bila kelele. Kama una ndugu Marekani anayewinda, mwambie aitazame kabla hajanunua kitu chenye neno "magnum." .358 Winchester ya mwaka 1955 ni ndogo yake, ya vichakani, na ngiri na tohe hawataona tofauti. Waamerika wenyewe wameisahau.

.338 Winchester Magnum ya mwaka 1958, hiyo ambayo wenzako wanakushauri, si mbaya. Kichwa chake cha greini 250 kinapenya sana, na kwa mwendo inaipita 9.3. Lakini inapiga teke la haraka, kali, na hapa kwetu haikuvushi mstari wa sheria. Kwa hiyo unabeba maumivu ya mkubwa na ruhusa ya mdogo. Sioni sababu.

Kulikuwa pia na za Waingereza. .318 ya Westley Richards, ya mwaka 1910, iliheshimiwa sana Afrika nzima. Walter Bell, yule mwindaji Mskoti wa Karamoja kule Uganda, aliitumia hata kwa tembo, pamoja na risasi ndogo zaidi ya hapo. Watu humtaja Bell kuthibitisha kwamba kaliba haina maana. Wanasahau kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Wewe umepasua fuvu la nani?

Sheria sasa, na hapa usinitie maneno mdomoni. Tanzania kiwango cha chini kwa mbogo na tembo ni .375. Zimbabwe wao waliandika milimita 9.2 kwa kipenyo, kwa hiyo kwao, kwa upande wa kipenyo, 9.3 inaingia. Huku haiingii, hata kama mbogo mwenyewe hajui. Askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, anayefuatana nanyi anajua. Ndugu zetu wa Kenya watanisamehe, wao uwindaji ulifungwa tangu mwaka 1977 na haya wanayasoma kwa ajili ya hadithi tu.

Kwa hiyo jibu lako liko hivi. Siku ya mbogo, chukua .375 ya stoo ya kampuni, uifanyie mazoezi kama yako. Siku nyingine zote, pofu, korongo (swala, si ndege), palahala, kongoni, nyumbu, pundamilia, beba 9.3 yako. Tafuta risasi mapema, kwa sababu dukani utaikuta .30-06 na .375 kabla hujaikuta 9.3. Wageni wanaotoka Ulaya kaskazini huja nazo, na wengi huwa na za ziada, lakini usipokee risasi mkononi mwa mtu nje ya utaratibu wa leseni yako. Chagua kichwa kizito, greini 286. Piga bega.

Narudia: kichwa kizito, bega. Vijana wananiuliza siri na ninawaambia hayo hayo, wanaondoka wamekasirika. Mnataka jina kubwa kwenye mtutu. Mnanunua bunduki ambayo mnaiogopa, halafu mnafumba jicho kabla ya kufyatua, halafu mnamlaumu fundi wa darubini. Nimeona wanaume wazima, wenye pesa, wakipiga udongo mita 60 kwa sababu bega linakumbuka teke la jana. Mnyama hakukuomba uje. Ukija, njoo na bunduki unayoweza kuipiga bila kufumba jicho, hata kama mezani watakucheka. Pesa ya tofauti ya bei inunue risasi za mazoezi, na upige ukiwa umesimama kwenye vijiti, maana porini hakuna benchi.

Sasa kuhusu hiyo Mauser yenyewe. Usilipe kabla hujasoma kilichogongwa kwenye mtutu. Iliwahi kuwepo 9×57, na ikawepo 9.3×57, zote zilitengenezwa kwa Mauser, na muuzaji asiyejua ataziita zote "tisa." Kichwa cha 9×57 ni chembamba, kulazimisha risasi isiyo yake ni kutafuta hatari. 9.3×74R nayo ina ukingo kwenye kitako cha ganda na ni ya bunduki zinazofunguka katikati kupakiwa, haihusiki na Mauser yako. Angalia kama mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, bado inaonekana mpaka mdomoni, maana nyingi zilipigwa kwa risasi za zamani zenye chumvi ya kutu na hazikusafishwa. Vuta bolti, itazame kama ina ufa kwenye masikio yake ya mbele. Namba za bolti na mwili zikipishana, mwite fundi apime nafasi ya ganda kabla hujaweka risasi hata moja.

Hakikisha pia karatasi za muuzaji zinaendana na namba ya bunduki, na uhamisho upite polisi kama sheria ya silaha ya mwaka 2015 inavyotaka. Ukishaisoma hiyo namba ya mtutu, niandikie ilivyo, herufi kwa herufi, nikuambie ni risasi gani ya kutafuta.