Maswali ya Wasomaji: Niache Kuandika, Nishike Kamera?

SWALI: Shikamoo Mama. Nipo Makole, hapa Dodoma, naandika skripti za filamu fupi. Mwaka jana niliuza moja, prodyuza akabadilisha mwisho wote bila kuniuliza, na jina langu likapita mwishoni haraka hata mama yangu hakuliona. Wenzangu wananiambia kuandika hakulipi, nitafute kamera niwe dairekta. Uliwahi kumtaja John Huston, dairekta wa Marekani, kwamba alianza na kalamu. Yeye alifanyaje?
Kijana wa Makole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeandika michezo ya redio miaka mingi, na mwisho ulioukesha usiku ukija kubadilishwa na mtu mwingine, inauma. Lakini usiiache kalamu. Huston kiti cha dairekta alikipata kwa hiyo hiyo kalamu.

Alizaliwa 1906 Missouri, baba yake Walter akiwa mwigizaji. Ujanani alipigana ngumi na kusomea uchoraji. Huo uchoraji nitaurudia. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa mwandishi wa studio ya Warner Bros., akiandika pamoja na wengine filamu kama Jezebel (1938) na Juarez (1939). Filamu ya maisha ya daktari Paul Ehrlich (1940) ilimwingiza kwenye wanaowania Oscar ya uandishi. Studio ikamhitaji, na hapo ndipo wakala wake alipoingiza sharti kwenye mkataba: mkitaka kuendelea naye kama mwandishi, mpeni filamu moja aiongoze. Lisome tena sharti hilo, mwanangu. Aliliweka wakati yeye ndiye anayetafutwa.

Filamu yenyewe ilikuwa The Maltese Falcon (1941), kutoka riwaya ya Dashiell Hammett. Warner walikuwa wameshaitoa mara mbili, 1931 na 1936. Huston akarudi kwenye kitabu, akaacha mazungumzo mengi ya Hammett yabaki yalivyo, akaandika skripti mwenyewe. Kisha akachora picha kwa picha kabla ya siku ya kwanza ya kazi: nani anasimama wapi, kamera inamtazama kutoka upande gani. George Raft aliikataa nafasi ya stelingi, ikaenda kwa Humphrey Bogart, na ikamweka Bogart mahali pengine kabisa.

Itafute uitazame, na utazame vyumba. Sehemu kubwa ya filamu ile ni watu wanaozungumza ofisini au sebuleni, kila mmoja akimdanganya mwenzake. Hakuna vita, hakuna umati wa watu. Vijana wengi wananiandikia wakitaka fedha za helikopta. Wewe chumba kimoja Makole unacho, na waigizaji wawili huwezi kuwakosa. Andika kwa ajili ya hicho chumba. Chora kila picha kwenye daftari la kawaida, hata kama unachora vibaya, maana siku ya lokesheni muda ni mchache na betri zinaisha.

Na kalamu hakuitupa. The Treasure of the Sierra Madre (1948) ilimpa Oscar mbili, moja ya uongozaji na nyingine ya skripti, na baba yake akachukua ya mwigizaji msaidizi kwa filamu hiyo hiyo. Napenda sana kwamba mzee Walter aliishi akaiona siku ile.

Sasa wenzako wanadhani ukiwa dairekta hakuna atakayekugusa. Huston aliguswa. Wakati yuko Afrika mwaka 1951, studio ya MGM iliikata filamu yake The Red Badge of Courage mpaka ikabaki dakika 69. Kabla ya hapo alipiga filamu ya kumbukumbu kuhusu askari walioumizwa akili na vita, Let There Be Light (1946). Jeshi likaizuia zaidi ya miaka 30. Kamera haikumlinda, wala haitakulinda wewe. Kinacholinda ni karatasi. Kwa hiyo skripti inayofuata isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamwonyesha mtu. Usikubali makubaliano ya mdomo, hata na rafiki. Kwenye mkataba iandikwe kwamba mwisho haubadilishwi bila wewe kukubali, na jina lako litokee mwanzoni. Wakiipenda kweli, ongeza sharti la Huston: filamu fupi moja uiongoze wewe. Ukifika hapo, kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie mapema.

SWALI: Babu yangu alifanya kazi reli ya kati. Ni kweli meli ya Wajerumani kwenye The African Queen ni MV Liemba yetu ya Kigoma?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Kwenye picha siyo yenyewe. Huston aliipiga filamu hiyo mwaka 1951 Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studio Uingereza. Bogart akapata Oscar yake pekee. Ila hadithi inatoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya 1935, na meli iliyomo inaaminika ilitokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba ya leo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ikapanda treni: Dodoma, Manyoni kwenu, Tabora, Kigoma. Iliingia majini 1915.

Kwenye filamu meli inalipuliwa. Kwenye ukweli Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, wakiwa wamezipaka injini grisi ili siku moja ziweze kufufuliwa. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Safari ya masanduku yale kwa treni sijaiona kwenye filamu yetu hata moja. Kama babu yako aliacha simulizi za wazee wa reli, ziandike uzilete kwenye safu hii. Nami nitamwonyesha kijana wa Makole.