Ndege za kuteleza za watoto: anzeni na mizani, si na bawa

Mama, umeuliza utengeneze ndege gani na watoto wako wa miaka 6 na 9 likizo hii bila kununua vitu, na kwa nini zenu zinainua pua, zinasimama hewani, kisha zinadondoka. Mimi hapa Bukavu huzitengeneza na wanangu na watoto wa jirani kila kiangazi.

Nianze na hilo la kudondoka: mkia umeizidi pua uzito. Ndege isiyo na injini hupata mwendo kwa kushuka taratibu. Uzito ukikaa nyuma mno, pua inapanda, mwendo unaisha, na bawa bila mwendo halibebi kitu. Wengi hapo hukimbilia kukata bawa kubwa zaidi. Wewe weka uzito puani.

Ndiyo maana napenda ndege ambayo bawa lake linasogezwa. Mwili ni kijiti cha mshikaki. Bawa ni frigoliti, ile nyeupe inayokuja ndani ya katoni za televisheni, unene nusu sentimita, urefu sm 30, upana sm 7. Kata wewe mwenyewe kwa wembe mpya. Wembe butu unaing’oa punje punje. Mkia ni sm 10 kwa 4, na juu yake kipande cha kusimama kutoka boksi la dawa ya meno. Gundi kali ya matone iache kabisa, inayeyusha frigoliti ukiangalia. Mkia ubandike kwa skochi, ule utepe wenye gundi. Bawa lifunge kwenye kijiti kwa ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa pikipiki: linashika, lakini ukilisukuma linasogea. Kabla ya kulifunga, lichanje katikati upande wa chini bila kulikata lote, inua ncha zote mbili kidogo, uzibe kwa skochi. Bawa la namna hiyo likilala upande mmoja hujirudisha lenyewe.

Uzito wa pua ni nta, na kwa umeme wetu huu vipande vya mishumaa havikosekani. Vilevile nta inafunika ncha ya kijiti, macho yanapona.

Sasa, nakuomba sana, usimpimie mtoto nta. Aishike ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, kama theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamia mkia, aongeze. Ikiinamia pua, apunguze. Mwanangu wa mwisho huibandua nta kwa ukucha, chembe moja moja, na kila chembe anaipanga juu ya goti isipotee. Huwa simharakishi. Akishaipata mizani yeye mwenyewe, hata ndege ya karatasi ataijua ina ugonjwa gani.

Kurusha: usawa wa bega, pua imeinama kidogo, aisukume tu, asiitupe. Ikipiga mbizi, bawa lisogezwe mbele kidogo. Ikiinua pua, lirudi nyuma. Badilisheni kitu kimoja, mrushe tena. George Cayley wa Uingereza alifanya hivyohivyo mwaka 1804: fimbo, bawa, mkia unaogeuzwa, na uzito unaosogezwa. Waambie watoto, wanapenda kusikia.

Ikisharuka vizuri uani, tokeni mwende kwenye mteremko. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa akiruka kwa mabawa aliyojitengenezea, ilibidi mwaka 1894 ajenge kilima cha mita 15 karibu na Berlin. Sisi wa Kadutu na Bagira, sehemu za Bukavu, tumezaliwa na vilima. Nendeni asubuhi, upepo wa ziwa haujaamka, na mtoto mmoja asimame chini kupokea. Huku juu, karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo ndege ileile hupita kasi kidogo. Ukiona inawashinda watoto kuifuata, ongeza upana wa bawa ufike sm 8 au 9, kisha wapime mizani upya.