Barua kwa mwanangu: damu au maji

Kamwene, mwanangu.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama yako. Unauliza kama tofauti za kufikiri na kuhisi kati ya jamii na jamii zimo kwenye damu, zimeletwa na mageuzi ya maelfu ya miaka, au ni malezi tu. Ukaongeza, kwa utani nadhani, kwa nini sisi wakulima wa mpunga wa Pawaga, huku Iringa, tukikasirika tunanyamaza.

Nianze na hilo la kunyamaza. Maji ndiyo yaliyotulea. Mfereji ni mmoja, zamu ni za wote, na ukishatukanana na mwenye jaruba la juu yako, huo mpunga utaumwagilia kwa machozi? Ndiyo maana usiku ule wa zamu yangu, mwaka kaka yako alioanza darasa la kwanza, nilipokuta jaruba langu limekauka, sikusema neno. Nilijua ni nani. Jaruba la chini yangu lilikuwa limejaa pomoni. Misimu miwili nikawa namsalimia kila asubuhi, naye anaitikia vizuri tu, nami moyoni nimeshamzika. Wiki ileile ng'ombe wa mume wa shangazi yako waliingia kwenye mpunga wa mama yako. Akaja mwenyewe, tukafokeana hadi watu wakajaa, jioni akaleta maziwa. Yakaisha.

Msimu wa tatu natengeneza tuta, jembe likazama hadi mpinini. Kumbe ni kaa, wale wa majini! Walikuwa wametoboa tuta chini kwa chini, maji yakavuja kutoka kwangu hadi kwake. Nilikaa juu ya lile tuta mpaka giza likaingia. Mwenzangu wa jaruba la chini alikuwa ameshahamia Mbarali.

Haya, damu. Yule Mmarekani unayemtaja, Robert Edgerton, miaka ya 1960 alilinganisha wakulima na wafugaji ndani ya Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei. Kabila moja, kazi mbili, na wafugaji wakaonekana kutoa waziwazi yaliyo moyoni kuliko wakulima. Ingekuwa damu peke yake, Mhehe wa jembe na Mhehe wa ng'ombe wangefanana. Mtazame shangazi yako: tumenyonya ziwa moja, akaolewa kwa wafugaji, leo akiita mbuzi tunamsikia ng'ambo ya mto. Mimi maji yalinilea, yeye kalelewa na ng'ombe.

Ila hapo najipinga mwenyewe. Shangazi yako alikuwa mkali tangu hajaota magego. Pengine hata huyo mfugaji alimpendea ukali. Halafu damu nayo hubadilika kwa ajili ya ng'ombe, hilo nimelifundisha darasani: uwezo wa mtu mzima kusaga maziwa mabichi tumboni ulienea kwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan katika miaka elfu chache tu. Tumbo langu unalijua, kikombe kimoja na usiku sina raha. Ikiwa tumbo limeweza kugeuka, moyo umezuiwa na nani?

Kwa hiyo habari ya Ningxia, kule China, imenikaa kichwani. Mashamba mawili ya serikali, moja la mpunga na moja la ngano, watu wakapangiwa tu, si kama shangazi yako aliyejichagulia. Utafiti uliotoka 2024 ukakuta wa mpunga wanajiona ni kitu kimoja na wenzao kuliko wale wa ngano. Mashamba yenyewe yalianzishwa baada ya 1949, mwanangu! Damu haikimbii hivyo. Maji ndiyo yaliyotulea, nilimwambia mama yako, kesi imekwisha.

Akacheka. "Mimi sikulima mpunga huohuo? Huyo jirani ningemuuliza siku ileile." Na kweli angemuuliza, tena mbele ya watu.

Basi sikati shauri, ingawa ulimi unaniwasha. Wewe waulize walimu wako. Namba ya simu ya yule mwenzangu ninayo tangu mwaka juzi, mwanawe alinipa mnadani. Sijaipiga.

Baba yako