Kiti maalum au wadi? Nimepita kote kuwili, huku Pemba

Waalaykumu salaam mwanangu,

Nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema uko Wete, una miaka 31, umekuwa katibu wa kikundi cha hisa cha akina mama kwa miaka 6, na sasa chama kinakutaka uchukue fomu ya udiwani wa viti maalum, vile vya wanawake. Kaka yako anakwambia viti maalum ni vya kupewa, ugombee wadi moja kwa moja. Unauliza umsikilize nani na uwe na pesa ngapi. Waliotangulia kukujibu wengi wamemuunga mkono kaka yako. Mie nimekuwa diwani vipindi viwili, cha mwanzo cha viti maalum na cha pili cha wadi, basi nisikilize na mie.

Mwaka 2005 nilianza vile vile anavyotaka kaka yako. Nikachukua fomu ya wadi, nikenda kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, nikapata kura 9. Nilikuwa nawajua wanachama wote wa pale kwa majina yao na ya watoto wao. Usiku ule nililia mpaka alfajiri. Asubuhi akanijia mama mmoja tuliyekuwa tukilima naye mwani, akakaa kitako mlangoni na tope lake miguuni, akanambia: "Sie twakupenda. Lakini kazi ya udiwani hatujakuona nayo. Tumekuona na mwani." Maneno yale yaliniuma kuliko kura zenyewe. Baada ya uchaguzi chama kikanitia kwenye orodha ya viti maalum, kama kunipoza.

Sasa fahamu kiti hicho kinavyopatikana, kwa sababu shida yake yote imo humo. Kwetu hakuna mgombea binafsi, lazima upitie chama. Na kwa viti maalum, vyama hugawiwa viti kulingana na matokeo ya uchaguzi, majina yanatoka kwenye orodha ya chama. Kwa hiyo waliokuchagua ni wajumbe wachache ukumbini. Mwananchi wa kawaida hajakupigia kura, na wengi hata hawajui kuwa wana diwani anayeitwa wewe. Ukijisahau, miaka 5 itakwisha unawatumikia wale wajumbe tu, maana ndio watakaokurudisha.

Halmashauri nayo ina mambo yake. Mwaka wa kwanza wenzetu wakiitwa "Mheshimiwa wa wadi fulani", sisi tukiitwa "viti maalum", basi. Akija mgeni, sisi ndio wa kumpokea na kusimamia chai. Kamati nikapangiwa ya huduma za jamii, kazi nzuri, sikatai. Lakini nikaomba kamati ya fedha, nikaomba tena, mara ya tatu nikaandika barua. Mwanangu, ukishika neno moja katika yote haya, shika hili: ingia kamati ya fedha. Halmashauri inaishi kwa ruzuku ya serikali na kwa makusanyo yake: ushuru wa masoko na madiko yanakoshushwa samaki, leseni za biashara, ada za takataka. Asiyejua kilichoingia hana la kudai. Kitabu cha bajeti mie nilikuwa sikielewi. Nikamwita mtoto wa dada yangu aliyekuwa akisoma uhasibu, akanikalisha wiki tatu baada ya isha, ananionesha safu ya makadirio na safu ya makusanyo halisi, mpaka nikawa nasoma mwenyewe.

Ndipo nikaona jambo. Diko letu lilikuwa na akina mama wanaouza pweza, dagaa na mwani mkavu, wamekaa juani, hakuna banda, hakuna choo, mtu akishikwa na haja anakwenda nyuma ya mikandaa. Na kila siku akipita mtoza ushuru, shilingi 200 kwa kila meza. Kitabuni, mapato ya diko lile yalikuwa madogo mno. Nikawaambia akina mama: msitupe risiti. Tukatafuta kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, likawekwa kwa mama mmoja mzee, na kila mmoja akimaliza biashara anatia kijikaratasi chake humo. Miezi minne. Kikao kilichofuata nikalibeba kopo ndani ya mkoba, chini ya buibui, na ilipofika zamu ya taarifa ya mapato nikaomba ruhusa ya mwenyekiti nikalimwaga mezani. Risiti zilikuwa zina harufu ya samaki, nyingine zimegandana kwa chumvi. Nikasema, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba zihesabiwe na zilinganishwe na kitabu. Ukumbi ulinyamaza kimya. Mweka hazina akavaa miwani yake, akaanza kuzibandua moja moja.

Sikumtaja mtu kwa wizi na leo simtaji. Nilisema tu, fedha hizi ni za akina mama wale, na wanaomba banda na choo. Bajeti ya mwaka uliofuata vikatengewa fedha. Banda likajengwa, nguzo za saruji na bati, vyoo viwili, kimoja cha wanawake. Baada ya hapo sikuitwa tena "viti maalum". Hata wanaume wakawa wananipitia nyumbani kuniuliza fungu la barabara yao limefika wapi.

Mwaka 2010 nikarudi kwenye kura za maoni za wadi ile ile. Zilihesabiwa ndani ya darasa la skuli, kwa taa ya chemli, mwalimu akichora ubaoni vijiti vitano vitano. Nilishinda kwa kura 6, na yule mama wa mwani ndiye aliyekuwa wakala wangu.

Kwa hiyo jibu langu: chukua fomu ya viti maalum, lakini tangu siku ya kuapishwa jichagulie wadi moja na uitumikie kama yako. Kipindi kimoja, kisha nenda kwa wananchi. Wanaosema kiti hicho hakimfikishi mtu wamtazame Rais Samia, mtoto wa Makunduchi. Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa viti maalum, akawa waziri humo humo, na mwaka 2010 akasimama jimboni Makunduchi kugombea ubunge akashinda. Yeye alikaa vipindi viwili kabla ya kwenda jimboni. Mie kwa udiwani naona kimoja kinatosha, ukizidisha watu wanakuzoea hapo. Na usione haya kwa kiti kile. Kwenye uchaguzi wa Zanzibar wa 1957 bibi zetu hawakuruhusiwa kupiga kura kabisa, na leo Katiba ya Zanzibar imeweka viti vya wanawake Barazani kwa asilimia 40 ya viti vya majimbo. Haikuja kama hisani ya mtu.

Kuna mmoja juu huko kakwambia usubiri ukuu wa wilaya. Hayo ni ya uteuzi, yako mikononi mwa Rais wa Zanzibar. Wapo waliofika na wakafanya kazi, Bi Salama Mbarouk Khatib alikuwa mkuu wa wilaya kabla ya kupewa Mkoa wa Kaskazini Pemba. Lakini uteuzi hauna fomu ya kuchukua, usiupangie maisha.

Ya nyumbani hukuyauliza, nami nayasema kwa sababu ndiyo yanayowarudisha wengi. Utaambiwa huna haya, utaulizwa barazani nani anampikia mumeo. Mume wangu aliulizwa hivyo mbele ya watu, akajibu, "Najipikia, na yeye ananiambia bei ya kalvati." Nisingefika bila ya yule mtu, Allah amrehemu. Vikao vya usiku nilikwenda na kijana wangu kwa honda, kila mara, na kila mtu akijua nani kanipeleka na nani kanirudisha. Zungumza na wa kwako kabla ya fomu, mweleze mpaka saa za vikao, asije akazisikia kwa watu.

Pesa: fomu si mzigo. Mzigo ni nauli, vocha, na safari za kurudi nyumba moja mara tano. Mie nilitumia mavuno ya mikarafuu minane ya marehemu baba na mbuzi wawili. Sikugawa pesa wala kanga, na nakuomba usigawe. Aliyekula chako leo, kesho ukimhimiza usafi wa soko atakwambia mlimalizana.

Kaka yako mpe salamu, anakutakia mema. Mwambie wadi utagombea, ila kwanza wakuone na kazi. Na ukipata kitabu cha bajeti cha halmashauri yenu, niandikie hapa kurasa za mapato ya masoko, tuzisome pamoja.