Sinia la jibini na nyama baridi kwa wageni wanane, Tanga

Dada, umeuliza kama lile sinia la Ulaya la msimu wa majani kupukutika linawezekana hapa Tanga mwezi wa kumi. Linawezekana, ila usihangaike kutafuta tini na peasi. Wao hupanga kinachovunwa kwao wakati huo. Sisi mwezi huo korosho ndiyo zinaanza kuvunwa, basi zikaange kavu, uzitie chumvi kidogo. Ongeza tende, vipande vya chungwa la Muheza ukilipata, na kibakuli cha achari ya embe. Achari usiikose! Ukali wake unakata mafuta ya jibini kuliko jamu yoyote.

Jibini agiza Lushoto, kule Irente wanatengeneza. Chukua ngumu moja na laini moja. Kwa watu wanane, kama ni kionjo tu kabla ya chakula, nusu kilo ya jibini na nusu kilo ya nyama inatosha. Salami, yaani soseji kavu ya kukatwa vipande vyembamba, nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo soma pakiti au muulize muuzaji; ya ng'ombe ya halali ipo, na kila mgeni atakula bila wasiwasi.

Shida kubwa ni joto letu. Jibini itoe kwenye friji nusu saa kabla, nyama itoe wageni wakishaketi. Joto likipita nyuzi 32, visikae nje zaidi ya saa moja. Mimi ningepanga masinia mawili madogo, la pili lisubiri kwenye friji. Mkate wa boflo wa kulia kata mwisho kabisa, usikauke.